Kijikabati Kilichoachwa Wazi

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2017. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya matufaha ya Herefordshire, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

Inspekta Gwilym Prosser aliegesha gari nje ya kanisa la kijiji cha Nether Aldcombe. Mlangoni alipokewa na Kasisi Hester Mowbray, mwanamke mwenye macho ya uchovu, aliyekuwa akihudumia parokia sita peke yake.

"Kimeibwa nini, Kasisi?"

"Kisanduku cha fedha cha kutunzia mkate wa Ushirika uliobarikiwa. Ndio tunaowapelekea wagonjwa majumbani."

"Kina thamani?"

"Kwa sonara, kidogo. Kwa watu wa hapa, afadhali mwizi angebeba paa la kanisa. Na mabati ya paa hilo waliyaiba mwaka juzi."

Bibi Muriel Godsall, mpanga maua, alisimama karibu na ndoo yake. Hakungoja kuulizwa.

"Mwizi tunamjua, Inspekta. Denzil Baynham! Katoka jela juzijuzi, Kasisi akampa kazi ya kufyeka makaburini. Mzee Skyrme kamwona kwa macho yake."

Aubrey Skyrme, mzee wa kanisa wa siku nyingi, aliitikia kwa kichwa. Tai yake ilikuwa imenyooka sawasawa.

"Jana jioni," alisema. "Alitoka humu na kitu kwapani."

Prosser aliandika maelezo hayo, Skyrme akatia sahihi na kwenda zake nyumbani.

Denzil alikuwa ameketi kwenye ukuta wa makaburi, buti zimejaa tope.

"Jana uliingia kanisani?"

"Niliingia. Nilichemsha maji."

"Ukatoka na nini?"

"Chupa ya chai."

"Uko nje kwa masharti?"

"Ndiyo. Nikishitakiwa tu, narudi ndani, hata kesi haijaanza. Na yule mzee ameshasema. Nani atanisikiliza mimi?"

"Mimi nakusikiliza."

"Mnasikilizaga hivyohivyo, bwana, halafu mnatoa pingu."

Prosser alirudi ndani. Kijikabati kilimotunzwa kisanduku kilikuwa ukutani, kando ya madhabahu. Konstebo wa alama za vidole alikuwa amekwisha kukata tamaa: kila mtu wa parokia alikuwa amekigusa. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari ambao kijiji kizima kiliujua.

Lakini mlango mdogo ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa, ukasukumwa mpaka ukagusa ukuta. Na taa ndogo iliyoning'inia juu yake ilikuwa imezimwa.

"Nani aliizima taa?"

"Niliikuta hivyo," alisema Kasisi.

Prosser aliitazama kwa karibu. Mafuta yalikuwa tele.

Utotoni aliwahi kuhudumu madhabahuni. Alijua kwamba taa ile huwaka kuonyesha kuwa mkate umo. Mkate ukiondolewa, taa huzimwa na mlango huachwa wazi, mtu asije akapigia magoti kabati tupu. Mwizi wa kawaida angefunga mlango ili wizi uchelewe kujulikana. Huyu aliweza kuiba, ila hakuweza kuwaacha watu wamwabudu Mungu mahali pasipo kitu.

"Denzil husali hapa?"

"Mara tatu sasa. Hajui hata wakati wa kusimama, anatuangalia sisi."

"Desturi ya taa nani anaijua?"

"Mimi. Mzee Skyrme. Bibi Muriel."

"Mimi?" Muriel aling'aka. "Nipande madhabahuni na goti hili bovu? Muulize Kasisi! Si yeye anayetaka kukihamishia kisanduku mjini?"

Prosser aligeuka. Kasisi alikuwa amewiva uso.

"Ni agizo la askofu. Baada ya Krismasi, mkate wa parokia zote utatunzwa mjini. Hapa tutasali mara moja kwa mwezi."

"Twendeni kwa Mzee Skyrme," alisema Prosser. "Na Denzil aje."

Skyrme aliwafungulia, akawapeleka jikoni. Chini ya mlango wa stoo ulipenya mwanga mwekundu.

"Kuna nini humo, mzee?"

"Jemu."

"Jemu inawashiwa taa mchana?"

Prosser alifungua. Katikati ya chupa za jemu ya plamu kilitandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Juu yake palikuwa na kisanduku cha fedha, na mbele yake mshumaa ndani ya glasi nyekundu.

"Bwana Yesu!" alinong'ona Muriel.

Mzee aliketi.

"Nisingeweza kumweka Bwana gizani," alisema.

"Kwa nini ulikichukua?"

"Mke wangu Edith alipokuwa anakufa, hakumtambua mtu. Hata mimi. Lakini kisanduku hiki kilipoletwa, alifungua kinywa mwenyewe. Sasa kinakwenda mjini. Siku yangu ikifika, nani atanijia? Kasisi ana parokia sita!"

Kasisi alifumba macho.

"Na Denzil?" aliuliza Prosser.

"Nilijua mtaamini."

"Ndiyo maana ukamchagua yeye?"

"Ndiyo."

"Kanisa halitamshitaki Mzee Skyrme," alisema Kasisi kwa sauti ndogo.

"Kisanduku ni chenu, Kasisi. Ila maelezo ya uongo aliwapa polisi. Hayo atayajibu kituoni."

"Kituoni sawa," alisema Denzil kutoka mlangoni. "Na kijijini je? Mama huyu kaniita mwizi hata kifungua kinywa sijala."

Muriel alitazama viatu vyake.

Skyrme alisimama, akajishika kwenye meza, akamgeukia Denzil.

"Jumapili," alisema, "kabla Kasisi hajabariki mkate, nitasimama mbele ya kanisa zima. Nitasema kwamba Denzil Baynham hakuiba. Niliiba mimi, nikamsingizia nikijua. Nisipoyasema hayo, nisipewe Ushirika tena, hata siku ya kufa kwangu. Nanyi nyote mmenisikia."