Mwanamina na Maneno Makubwa ya Kiingereza

Mwanamina wa kijiji cha Mbuchi alilima mpunga. Wageni wakija, aliwatembeza kwenye mikoko. Kiingereza cha kawaida alikijua, lakini alitamani maneno makubwa. Alichukua kamusi akawa anayakariri huku akikoroga uji.

Siku moja aliwaonyesha wageni matope ya ufukweni. Akasema kwa fahari, "Kaa wetu ni extinct!"

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamshika bega, akampa pole.

Mara mumewe, Kondo, akatokea na ndoo. Ndani kaa walikuwa wanapandana. Wageni wakaangua kicheko. Mwanamina hakuelewa kosa lake, ila aliona aibu.

Jioni akaenda kwa jirani yake Muzdalifa, mwalimu wa Kiingereza.

"Shoga, ulitaka kusema nini?" Muzdalifa akauliza.

"Kwamba kaa wetu ni wazuri mno."

"Hiyo ni excellent. Extinct ni kiumbe kilichotoweka, hakijabaki hata kimoja duniani."

Mwanamina akaziba mdomo. "Mama yangu! Nimewazika kaa wote!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Wageni wengine wanakuja Jumamosi," Mwanamina akasema. "Wakinicheka tena, watatafuta mtu mwingine wa kuwatembeza."

"Basi usikariri neno peke yake. Lifunge kwenye kitu unachokiona. Kisha litungie sentensi yako, ulitumie. Tazama mpunga wako ulivyojaa tele. Tele ni abundant."

Mwanamina akarudi nyumbani akirudia neno lile. Kondo alikuwa anasimulia habari za mpira, hamalizi.

"Mume wangu, maneno yako ni abundant!"

"Hiyo sifa au tusi?"

"Ni mengi tele!"

Kondo akacheka, naye akajifunza neno.

Jumamosi wageni wakaja. Mwanamina akawaeleza jinsi mizizi ya mikoko inavyozuia udongo usichukuliwe na maji. Mzee mmoja akamwambia, "Wewe ni eloquent."

Zamani angeitikia tu kwa kichwa. Sasa akauliza, "Neno hilo maana yake nini?"

"Mtu anayesema kwa ufasaha, hata watu hawachoki kumsikiliza."

Mwanamina akafikiri kidogo. Kisha akasema kwa Kiingereza safi, "My neighbour Muzdalifa is an eloquent teacher."

Wageni wakapiga makofi. Wakamwomba awatembeze tena kesho yake, na huyo jirani naye aje.