Mhunzi Aliyetoa Fuawe Yake

Ndugu zangu, palikuwa na nyumba moja yenye amani. Asubuhi mama alioka mikate uani, na mumewe, mhunzi, alifua majembe kibandani. Majirani waliamshwa na nyundo yake, wala hakuna aliyenung'unika.

Kisha wakaja watu kulipima lile bonde la duara nyuma ya mji. Wakasema huenda lilichimbwa na kimondo, na kwamba penye mashimo ya namna hiyo pengine huokotwa madini ya chuma yasiyo ya kawaida. Walisema huenda. Mhunzi hakulisikia neno hilo.

Akaanza kubeba kutoka bondeni mawe meusi, mazito, yanayoshika sumaku. Yakajaa kibandani, yakaingia hadi chini ya kitanda. Mkewe akawa anafagia akiyazunguka. Wateja walileta majembe yao, wakarudi nayo vilevile.

"Shemeji, mumeo amehamia mwezini nini?" mmoja alimtania.

"Bado hajapata kiwanja," alijibu, lakini kicheko hakikumtoka.

Siku moja jiwe lilipasuka, mkewe akalichungulia ndani. "Baba watoto, hili lina matundu kama mkate wangu. Kitu hiki kiliumuka motoni."

"Wewe kaa na unga wako. Ya angani utayajulia wapi?"

Akarudi kukanda. Mtu akichoka hunyamaza, msidhani ameridhika. Wiki ileile mume akaitoa fuawe, kile chuma cha kufulia majembe alichoachiwa na babu yake, akabadilishana na chombo cha kunasia madini.

Mwishowe mume na mke walibeba gunia la mawe, huyu huku na huyu kule, hadi kwa mtaalamu wa miamba. Yule dada alisugua jiwe kwenye mgongo wa kigae, akalikata, akaliangalia kwa kioo cha kukuzia.

"Mzee wangu, chuma cha kimondo hakina mapovu hivi, na ule mng'ao wa chuma chenye nikeli, alama ya kimondo, humu siuoni. Haya ni mavi ya chuma. Kuna watu waliyeyusha chuma pale zamani. Kwani wewe kazi yako nini?"

Mhunzi alitazama viganja vyake. Takataka hizohizo alizifagia miaka yote chini ya tanuri lake.

"Ni mhunzi," mkewe akamjibia.

Fuawe ilikuwa imekwenda mbali, haikurudi. Sasa mume hupepea moto wa mikate, na majembe ya mtaa hufuliwa mji wa pili. Mkewe hajamsuta hata siku moja. Ila asubuhi, unga mikononi, husimama kidogo kama anayesikilizia nyundo ya kibandani, kisha huendelea kukanda.

Funzo

Kutafuta si kosa. Ardhi na vilivyoiangukia ni vya Mungu, naye humpa amtakaye. Kosa ni kuuzima moto wako kwa ajili ya "huenda", kabla hujauliza anayejua. Na wa nyumbani akikuambia kweli, msikilize. Ukimziba mdomo, kweli ileile utaambiwa na mgeni, nawe huna tena cha kuokoa.