Kanzu za Alhamisi

Vita vilipopita, viwanda vya Jinja vikaanza kukohoa upya. Sokoni Ijumaa moja, Shifa, dobi wa kanzu, alikuwa na beseni kichwani alipogongwa na kijana wa suruali ya kaki, macho juu, mkononi kadi yenye rangi za kijivu.

"Bwana, unatafuta mwezi mchana?"

"Napima weusi wa moshi, dada. Burhan, wa manispaa."

"Basi pima na hizi." Alimfunulia beseni. "Kila Alhamisi naanika za Ijumaa, kila Alhamisi masizi. Waumini wanaswali wamevaa chui."

Burhan alicheka, akalibeba beseni mpaka nyumbani. Wakapendana. Masizi hayakukoma.

"Kitendawili," alisema Shifa jioni moja.

"Tega."

"Hupanda kijivu, hushuka cheusi, hulala juu ya cheupe."

"Masizi, mpenzi. Hicho umekitega kwa hasira."

"Mbona hamkazi kiwango cha moshi?"

"Sheria mpya. Viwanda vipone kwanza. Kiwango kisikazwe miaka kumi."

"Na vifua vyetu visubiri?"

Wiki iliyofuata Shifa akamwona Burhan anatoka langoni mwa kiwanda, anacheka na meneja, kakumbatia kifurushi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Akapanda basi kwenda Mbale kwa shangazi, mwenye duka la jumla. Siku ya tatu simu ya duka ikalia.

"Shifa, umenikimbia?"

"Walikupa nini kwenye kifurushi?"

"Kanzu yangu mwenyewe. Niliianika uani kwao, wajionee masizi."

"Njia ya mwongo fupi, Burhan."

"Basi rudi Alhamisi, uanike."

Alirudi bila kumwambia. Akaanika, akakaa kulinda mpaka alasiri. Moshi ulipanda kama kawaida. Kanzu zikabaki nyeupe. Akaenda langoni kumhoji Odero, mchochea tanuri kutoka Kenya.

"Kukung'uta masizi ya bomba? Tumehamisha kutoka Alhamisi hadi Jumatatu. Yule afande wa kadi ametusumbua wiki tatu."

Shifa aliporudi nyumbani, Burhan alimkuta kwenye kamba ya nguo.

"Sheria imekataza kukaza kiwango," alisema. "Siku ya kukung'uta haikuitaja."

"Na Jumatatu masizi yanamwangukia nani?"

Burhan akatoa kile kifurushi: kanzu, madoa tele.

"Nifulie."

"Ya Ijumaa?"

"Ya nikaha, ukikubali."

Shifa alinusa ukosi. Masizi matupu, kama alivyosema.

"Iache. Itakula maji mengi," alisema. "Na Jumatatu twende kwa meneja, mimi na wewe. Nikusikie ukisema naye."