Adui wa Dirishani

Mikwaruzo ilikuwa upande wa nje wa kioo. Hilo ndilo lililomtatiza Khalfani, fundi wa kubandika tinti kwenye madirisha ya nyumba, maana tinti hubandikwa ndani, na Mama Lemayian alikuwa amempigia simu akilalamika kwamba kazi ya juma lililopita imeshachanika. Haikuwa imechanika. Kioo chenyewe ndicho kilichochimbwa, mifereji minne minne kutoka juu hadi chini, na kwenye maua chini ya dirisha walilala kunguru wawili waliovunjika shingo.

"Ni ndege, mama," alisema, naye mwenyewe hakuamini sana. "Tinti hii ya kung'aa, mchana aliye nje haoni ndani, anajiona yeye. Ndege akijiona anadhani mwenzake kaingia nyumbani kwako, anamshambulia."

"Ndege gani ana kucha hizi?" Mama Lemayian, Nanyori kwa jina lake, aliuliza, huku akimkumbatia Lemayian, mtoto wao wa pekee, waliyemsubiri mpaka ndugu wakaanza kusema maneno. Mtoto alikuwa bado hajajua kutambaa.

Mumewe, Frederick, alicheka kile kicheko chake cha mwanakwaya. "Fundi, usituletee majini ya kwenu Tanga. Hapa Engutoto sisi ni Walutheri. Ingia unywe chai, kisha ubadilishe hicho kioo."

Khalfani hakuwa ametaja jini hata kidogo. Aliingia, akapewa kikombe, na kupitia dirisha lile kubwa la sebuleni akauona Mlima Meru wote, mweupe kwa jua la utosi.

Kwanza ilikuja harufu, ya nywele zilizoungua. Kisha kuku wa jirani wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu kitu kikapiga kioo, puu, vikombe vikaruka mezani, na hakuna waliyemwona nje.

"Nani huyo?" Frederick alichomoa panga nyuma ya mlango, akatoka.

Wao wa ndani walimwona vizuri kabisa. Alizunguka, akasimama mbele ya dirisha, akajitazama, maana kwa upande wake hapakuwa na cha kuona ila yeye mwenyewe na uwanja nyuma yake. Nyuma ya Frederick, Khalfani hakuona mtu. Lakini Frederick aliona, kwenye kile kioo, kwani mdomo wake ulifunguka na panga likamtoka mkononi, na kabla hajageuka kichwa chake kilishikwa kwa nyuma na kubamizwa kwenye dirisha, kikavutwa, kikabamizwa tena, na tena, mpaka pua ikalala shavuni na meno yakabaki yamenata kwenye damu, na mke wake, aliyekuwa hatua chache tu upande wa pili, akipiga kelele "Engai! Mungu wangu!", akayaona yote, na mumewe hakumwona hata mara moja.

Frederick aliteleza chini taratibu, akakata roho.

Khalfani alimpigia shangazi yake, Bi Siwema, aliyekuwa akitoa majini mtaani kwao tangu Khalfani akiwa mdogo. Alinong'ona yote kwa pumzi moja.

"Huyo hana ugomvi na nyinyi," Bi Siwema alisema upesi. "Ni jini wa adhuhuri, ana njia yake hapo tangu zamani. Sasa kajiona kwenye kioo, anadhani ni mwenzake kaingia hiyo nyumba, na wao hawapishani. Bandua hiyo tinti, mwanangu. Funika kila kinachong'aa. Usikate simu."

Aliiacha simu wazi mfukoni mwa shati, sauti ikiwa juu, akachukua wembe. Karatasi alizozinyoosha kwa upendo, bila kiputo hata kimoja cha hewa, sasa alizirarua kwa wembe na kucha, gundi ikimnata, huku Nanyori akitupa shuka juu ya televisheni, akifudikiza sufuria, akivunja kioo cha kabati kwa mchi. Ya mwisho ilipobanduka, dirisha lote lilipasuka kuelekea ndani. Vipande vilimkata Khalfani usoni na kifuani. Nyayo za damu ya Frederick zikaanza kuonekana kwenye vigae, moja baada ya nyingine, pana, zimegeukia nyuma.

Nanyori alikimbilia kochi alikokuwa amemlaza mtoto. Mkono wake ulidakwa hewani, ukavunjwa kwenye kiwiko kama muwa, naye akatupwa ukutani.

"Kinatafuta," Khalfani alinong'ona. "Shangazi, tumefunika vyote, bado kinatafuta."

"Fumbeni macho," Bi Siwema alisema. "Mboni nazo zinang'aa. Kitajiona humo."

Walifumba. Ndipo Khalfani akasikia Lemayian akicheka, kile kicheko cha mtoto aliyeona uso mpya umemwinamia, na akaelewa kwamba mtoto huyu hakuna wa kumwambia afumbe.

Alipapasa akamfikia, akamziba macho kwa kiganja. Harufu ilimjaa puani. Kitu cha moto kilimshika kidole cha mwisho, kikakiinua, kikakivunja. Kikahamia cha pili, nacho kikalia ko kikivunjika, na Khalfani akalia nacho, akijua vidole vitaisha na baada ya hapo yatakuja macho ya mtoto, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akataka kukimbia, akamkumbuka baba mtu pale nje, na kidole cha tatu kilipoinuliwa alikigeuzia kile kitu uso wake na kufumbua macho yote mawili, wazi kabisa.

"Adui yako yuko huku," alisema.

Hospitalini waliliondoa jicho la kulia. La kushoto walilifunga bandeji, wakasema lingali zima. Nanyori aliletwa na mkono wake kwenye plasta, akamlaza Lemayian kifuani mwa Khalfani ili yeye mwenyewe ayapapase macho ya mtoto, mazima yote mawili, na wote wawili wakalia. Bi Siwema, aliyekuja kwa basi, alisoma dua tangu alfajiri, akafukiza ubani mpaka wauguzi wakamgombeza.

"Kimetoka," alisema. "Nyumba ile ni safi. Nimeingia mwenyewe, hakuna kitu."

"Najua, shangazi," Khalfani alijibu.

Aliuliza saa. Wakamwambia inakaribia adhuhuri. Aliomba wamwondoe mtoto kifuani, haraka, kisha akashika kingo za kitanda kwa mkono mzima, maana ndani ya jicho lile lililofungwa ile harufu ilikuwa imeshaanza, na safari hii mikwaruzo ilikuwa upande wa ndani.