Karanga za Mbegu za Bibi Binti

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Kila asubuhi, wazee waliotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri walinikuta barabarani nikikimbia. Rafiki yangu Naomie alikuwa akinisubiri kwenye kona ya soko, tunashuka pamoja mpaka uwanja wa shule. Mwalimu Joël tulimkuta pale, filimbi shingoni na saa mkononi. Shule za Kasongo zilikuwa zishindane mwezi wa tatu, na mimi, Djamila, nilichaguliwa kukimbia mita elfu moja na mia tano. Nilijiona mtu mkubwa. Hata nikitumwa maji nilitembea kwa maringo, Mama akawa ananicheka.

Ujinga wangu ulianza na maneno ya msichana mmoja wa sekondari. Alituambia kwamba mkimbiaji hodari halali na tumbo lililojaa, eti chakula cha usiku kinaifanya miguu iwe mizito. Naomie alimsikia akasahau. Mimi nilimsikia nikashika. Jioni Mama akipakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, nilimega mara mbili tatu, nikanawa mikono.

"Umeshiba kweli?" Mama aliuliza.

"Nimeshiba, Mama."

Njaa ilikuwa bado inaniuma palepale. Lakini niliivumilia njaa ile kwa kiburi, nikidhani ndiyo ushujaa wenyewe.

Asubuhi nilikimbia bila kutia kitu kinywani. Nikirudi, njaa niliyoifukuza jioni ilikuwa inanisubiri mlangoni. Kichwa kilikuwa chepesi. Mama alikuwa ameshaenda sokoni na kutuachia muhogo wa kuchemsha chini ya sahani, lakini sikuutaka. Nilitaka kitu chenye mafuta, cha kutafuna, na nilikitaka sasa hivi. Juu ya jiko letu, darini, kulikuwa na mfuko wa karanga.

Zile hazikuwa karanga za kula. Zilikuwa mbegu za Bibi Binti, mama yake Mama, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa halijui hilo. Zilikuwa ndogo, nyekundu, tamu kuliko za sokoni. Bibi alitoka nazo Kabambare wakati wa vita, amezifunga kiunoni ndani ya kitenge, huku nyuma ameacha masufuria na kila kitu. Kila mwaka, mwezi wa pili, alizipanda kwenye shamba letu la njia ya Lusangi. Akishavuna alitenga mfuko mmoja mdogo, akaupandisha darini ili moshi uzikinge na wadudu. Mfuko huo haukuguswa mpaka siku ya kupanda.

Siku ya kwanza nilichukua ganda moja. Nilisimama juu ya kinu, nikapenyeza mkono, nikabonyeza ncha ya ganda, nikala punje mbili. Moja tu, nilijiambia. Kesho yake zikawa tano. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakula konzi nzima, na nyingine juu yake, nimesimama, haraka haraka, hata ladha siisikii. Ajabu yake ni kwamba kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kutamani. Nikiwa darasani, mwalimu anaandika ubaoni, mimi naufikiria mfuko.

Na maganda je? Hapo ndipo nilipotumia akili zangu vibaya. Kila ganda nililibana tena vizuri, nikalirudisha mfukoni. Kwa hiyo mfuko ulibaki umejaa vilevile, na mtu akiutazama kutoka chini haoni kitu. Mwishowe maganda matupu yalikuwa mengi mno, nikawa natikisa kila ganda sikioni kwanza. Likilia, nalifungua. Lisipolia, nalirudisha. Nilifanya hivyo tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa pili.

Siku moja kabla ya kupanda, Mama aliuteremsha mfuko.

"Mbona uko mwepesi hivi?" aliuliza.

"Ni jua la mwaka jana," Bibi alijibu. "Zimekauka vizuri."

Mkeka ulitandikwa uani, tukakaa kubambua: Bibi, Mama, mimi na mdogo wangu Iliasi, aliyekuwa na miaka saba. Bibi alifungua ganda la kwanza, halina kitu, akalitupa kando. La pili vilevile. La tatu, la nne. Mikono yake ikaanza kwenda polepole. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya nina kazi nyingi.

"Panya," Mama alisema.

Bibi alichukua ganda jingine, akalifungua, akalifunga tena kwa vidole. "Panya akishakula hafungi ganda," alisema.

Mama akamgeukia Iliasi. Kila mtu alijua kwamba Iliasi ndiye mwizi wa sukari nyumbani. Alimshika sikio akamvuta mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Si mimi, Mama. Walahi si mimi."

Leo hii nikikumbuka naona haya mwili mzima. Nilimwangalia mdogo wangu akilia, nikaendelea kubambua maganda ambayo nilijua mwenyewe kwamba hayana kitu. Mama alipokwenda kutafuta fimbo, Iliasi alinitazama. Hakujua lolote, alitaka tu dada yake amtetee. Hapo sikuweza tena.

"Ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliyekula. Iliasi hajagusa."

Mama, aliyekuwa anarudi, alisimama na fimbo yake, hajui aipeleke wapi. Bibi hakunipiga wala hakufoka. Aliumwaga mfuko wote juu ya mkeka, akaanza kutikisa ganda moja moja sikioni. Yenye kitu aliyaweka kulia, matupu kushoto. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akausogeza kando. Alifanya kazi hiyo peke yake mpaka jua likatua. Upande wa kushoto kukawa na lundo. Upande wa kulia, makopo mawili tu.

"Bibi, nisamehe," nilisema. "Nilikuwa na njaa."

"Nilitembea nazo siku tisa," Bibi alisema. Alikuwa anayatazama makopo, hanitazami mimi. "Siku tatu hatukupata hata muhogo. Mama yako alikuwa mgongoni, analia njaa, nami karanga ziko kiunoni. Sikuzila, mjukuu wangu. Wewe ungesema tu una njaa. Ningekukaangia za sokoni."

Nilitamani anipige.

Kesho yake nilikwenda uwanjani, nikamwambia Mwalimu Joël kwamba naacha mbio. Aliniuliza sababu, nikamweleza yote, machozi yananitoka mbele ya Naomie. Mwalimu alikaa chini kwenye nyasi, akanionyesha nami nikae.

"Jana usiku ulikula nini?"

"Kidogo tu."

"Na asubuhi hii?"

"Sijala."

"Nani alikwambia ukimbie na njaa?"

Nilimtajia maneno ya yule msichana. Mwalimu alitikisa kichwa. "Nilipaswa kuwauliza zamani," alisema. "Sikiliza, Djamila. Mtoto anayekimbia anahitaji chakula kuliko asiyekimbia. Ukiunyima mwili jioni, asubuhi utakudai kwa nguvu, nawe hutachagua tena. Utakamata kilicho karibu, hata kama si chako. Kula bugali na sombe na wenzako mpaka ushibe. Kabla ya kuja huku, kipande cha muhogo. Ukimaliza, maji kwanza, halafu ukae chini ule taratibu. Hamu ikikujia baada ya hapo, ngoja kidogo. Mara nyingi itapita yenyewe."

"Kwa hiyo nisiache?"

"Kuacha mbio hakutarudisha mbegu."

Nikafanya kama alivyosema. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, macho yangu yalikuwa yanakimbilia darini yenyewe. Nilikunywa maji, nikakaa na Iliasi, tukala muhogo. Siku zilivyokwenda, tamaa ile ikalegea. Mwezi wa tatu tukashindana. Naomie alitoka wa kwanza, mimi wa tatu. Watu walinipigia makofi, lakini sikuisikia furaha niliyokuwa nimeiota.

Shambani, makopo mawili yalitosha kona moja tu. Kwingine kote kuliota majani. Mwaka mzima sombe yetu haikutiwa karanga za Bibi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani. Mimi kila tonge lilinikumbusha.

Mwezi wa sita tulivuna, tukaanika, na Bibi akasema kila punje itakuwa mbegu. Siku ya kuzitia mfukoni alitikisa kila ganda sikioni. Zamani hakuwa akifanya hivyo. Zamani alizoa kwa mikono miwili na kumwaga. Nilikaa pembeni nikiisikia sauti ile ndogo ya kila ganda, na kila moja iliniuma.

Zilipobaki chache, nilizikusanya kwenye viganja vyangu nikampa. Bibi alichukua ganda la kwanza, akaanza kulipeleka sikioni, kisha mkono ukasimama njiani. Alinitazama. Akalitia mfukoni bila kulitikisa, na yaliyobaki akayamwaga yote pamoja.

"Njaa itakurudia," alisema. "Unakimbia, lazima irudi. Si kosa. Kosa ni kuificha, ukaja kuishibisha kwa jasho la wengine, na mdogo wako akavutwa sikio. Ikija, njoo kwangu kwanza uniambie."

"Ndiyo, Bibi."

Akaufunga mfuko kwa kamba, akanipa mimi. "Upandishe."

Nikasimama juu ya kinu kilekile, nikauweka mfuko darini. Ulikuwa mzito. Niliposhuka, nilinawa mikono, nikamwambia Bibi kwamba nina njaa.