Ukuta wa Ngowa

Jumanne asubuhi Easter Kahaso alikutwa amekufa chini ya ngazi, shingo imevunjika, katika jumba la kale la Malindi lililogeuzwa ofisi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jumba. Mikono ilikuwa na alama za kukamatwa kwa nguvu, kwa hiyo hakuteleza. Inspekta Kadii aliingia kwa mlango wa mbele, akazunguka ukuta uliokinga ukumbi, na chokaa mbichi ikamchafua bega. Alijipangusa kwa hasira.

Kufikia adhuhuri alikwishamtia ndani mume wa marehemu, Ngowa, mwashi wa jumba hilo. Majirani zao mtaani Barani waliwasikia wakigombana.

"Mligombania nini?"

"Ukuta, afande. Wapangaji wa mwanzo waliubomoa wapate nafasi. Easter aliutaka urudi kama wazee walivyoujenga, ili anayepiga hodi asione ndani. Nikamwambia ni kazi bure. Lakini nikamjengea. Jana saa tisa niliupaka chokaa, nikaenda zangu."

"Nani alikuona ukienda?"

"Hakuna."

Phineas Okoth, mhandisi wa ukarabati, alikuja kituoni mwenyewe. Alisema alikuwa Kilifi wiki nzima iliyopita, akarudi Jumatatu jioni.

"Saa kumi na moja nilipiga hodi, nikasimama mlangoni bila kuingia. Nikamwona Ngowa juu kwenye ngazi ya orofani, anamfokea mkewe. Mambo ya mke na mume, afande. Nikaondoka."

Kadii aliridhika. Ngowa alipomsihi, "Nipeleke hata na pingu, Jumamosi nikamzike mke wangu," alikataa katakata. Machozi ya muuaji yalimchefua.

Jumapili alirudi kulitazama jumba tena. Mlangoni akapiga hodi kwa mazoea, ingawa alijua hamna mtu. Akasimama, akatazama mbele. Aliona ukuta mweupe tu. Ngazi haikuonekana hata kidogo. Phineas angemwonaje Ngowa? Alijichukia pale pale.

Saa nane Phineas aliletwa.

"Simama uliposimama siku ile. Nionyeshe ngazi."

Phineas aliutazama ukuta. "Huu haukuwapo."

"Ulikuwapo. Wanjira, karani wa ofisi ya chini, aliuzunguka akitoka Jumatatu saa kumi. Wewe hukupita hapa. Ulipita mlango wa jikoni, ukapanda ngazi ya nyuma, ukatoka kwa huko huko. Ufunguo wa jikoni anao nani?"

Phineas aliutoa mfukoni. Kadii akampandisha orofani, akabandua ubao wa dari aliokuta umelegea alipokuwa akikagua. Boriti tatu za mikoko zilikuwa zimekatwa zaidi ya nusu ili mabomba ya viyoyozi yapite.

"Easter aliziona," Kadii alisema.

"Aliziona." Phineas aliketi sakafuni. "Nilimwomba anifichie, niziimarishe kimyakimya. Akasema watu wanafanya kazi chini ya dari hii, atalifunga jumba na kunishtaki. Ningepoteza kazi na jina. Nikamkamata, nikamsukuma. Nilikuwa nimesikia amegombana na mumewe, nikaona lawama itamwangukia."

"Na mimi nikakusaidia," Kadii alisema, akamfunga pingu.

Mlango wa mahabusu Kadii aliufungua mwenyewe. Ngowa alikuwa amekaa ameegemea ukuta.

"Toka, kaka. Tumempata aliyemuua. Si wewe."

Ngowa hakuinuka. "Nilikwambia si mimi."

"Uliniambia."

"Nani alimtilia mchanga kaburini kwa niaba yangu?"

Kadii alimwomba radhi. Ngowa akainuka taratibu, akampita, akashika njia ya makaburini.