Kipimo cha Juma la Kumi na Mbili

Asubuhi ile Rachelle alikuwa uani, anafua bandeji za mume wake. Mwanamke asiyemjua akasimama mlangoni. Koti lake jeupe lilikuwa jekundu kwa vumbi la njia ya Mutoshi.

"Jambo mama. Mi ni Fidélie, muuguzi wa hospitali ya Kolwezi. Natafuta bantu beko na kidonda cha siku mingi."

"Basi umefika," Rachelle akajibu. "Tata ya nyumba eko ndani. Karibu, ikala."

Kyungu, mume wake, alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Alikuwa mchimbaji wa shaba. Miezi minne iliyopita shimo lilibomoka, jiwe likampasua mguu. Wenzake walimtoa akiwa hai, lakini kidonda kilikataa kufunga. Baadaye askari waliwafukuza wachimbaji wote, maana kampuni ya madini ilitaka eneo lile. Sasa kila nyumba ya mtaa ilikuwa na alama nyekundu ukutani. Baada ya miezi miwili zote zingebomolewa. Kyungu na Rachelle walikuwa na ndugu Kasaji, mbali na hapo. Wangehamia huko, walime.

"Nitalima na mguu gani?" Kyungu aliuliza hivyo kila siku.

Rachelle alikuwa ameingia na beseni lake la kufulia, na Fidélie akalitazama. Lilikuwa kubwa na imara. Ndani, chini kabisa, palikuwa na unga wa kijani.

"Mama, hii beseni ni ya kazi gani?"

"Tulikuwa tunasafishia mawe ya mugodi. Sasa nafulia bandeji. Ni beseni muzuri!"

"Ni muzuri kwa mawe," Fidélie akasema kwa upole. "Lakini ule unga na ile matope binaingia mu kidonda. Tafuta chungu kimoja cha bandeji tu. Uzichemshe, uzianike juani. Na unawe mikono na sabuni kabla ya kumufunga."

Rachelle akaliinamia beseni. Miezi minne alikuwa amefua kwa bidii, na hakuna aliyemwambia.

Ndipo Fidélie akaeleza jambo lililomleta. Hospitali ilikuwa inafanya utafiti. "Tunatoa damu kidogo mu mukono wa mugonjwa. Mashine inaizungusha mbio sana. Damu nyekundu inashuka, maji ya manjano inabakia juu. Mule muko chembe ndogo ndogo. Ni zile zinafanya damu igande ukijikata. Tunaweka yale maji juu ya kidonda chake."

Djafari, jirani mwenye pikipiki, alikuwa amesimama dirishani. "Mama muganga, ile damu mutaiuzisha wapi? Kyungu, angalia! Utabakia mukavu kama samaki ya Kasenga!"

Fidélie akacheka. "Tata, damu yake inarudi kwake. Ya kwako hatuiombe, hata ukitupatia."

Kyungu hakucheka. "Mama, hii dawa itaniponyesha?"

"Sijui."

Kyungu akamkazia macho. Waganga wengi walikuwa wamefika pale. Wote walijua.

"Njo maana tunatafuta," Fidélie akaendelea. "Mu inchi zingine madaktari banaijaribu ku magoti, ku ngozi, ku fizi. Mahali fulani inaonekana inasaidia, mahali pengine haijulikane bado. Kila mugonjwa atavuta bahasha. Bengine batapata damu na bandeji. Bengine bandeji safi tu. Tutapima kila juma, majuma nane. Kisha mara moja ya mwisho, juma la kumi na mbili."

"Na nikikataa?"

"Tutakutunza sawasawa. Ukichoka katikati, utaacha, hakuna atakasirika. Ila ukibakia, nakuomba usikose kipimo cha mwisho. Mutu akipotea, hatujue kama alipona."

Rachelle alisoma karatasi ya ridhaa aliyoitoa Fidélie, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza, akaisoma tena. Kyungu akaandika jina lake.

"Nitakuja," akasema. "Hata nikiwa Kasaji."

Siku ya bahasha, yake ilisema: bandeji tu.

"Sina bahati," Kyungu akanong'ona.

Fidélie akamwambia, "Tata, bale banapata damu bakipona, tutajuaje kama ni damu iliwaponyesha? Lazima tuangalie na bale hawakuipata. Bila wewe, hii kazi ni bure."

Kila juma Kyungu alienda kupimwa. Nyumbani, chungu cha bandeji kilichemka kila asubuhi. Juma la tatu harufu iliisha. Juma la nane kidonda kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Juma la tisa tingatinga liliangusha nyumba yao. Wakapanda lori na vitu vyao, wakaenda Kasaji.

Huko habari ilikuwa inawangoja. Mkuu wa kijiji angewagawia wageni mashamba. Kila baba wa nyumba angechagua mwenyewe. Asiyekuwapo angepewa kitakachobaki. Na siku yenyewe ilikuwa ile ile ya kipimo cha mwisho.

"Mashamba ya karibu na mto yataisha," Kyungu akasema. "Na damu hawakunipatia hata tone."

Rachelle alikuwa anakunja bandeji. "Ulisema utaenda. Shamba likiwa mbali, tutatembea. Sasa uko na miguu."

Siku moja kabla ya kipimo, alfajiri, Kyungu akapanda lori la mahindi. Alifika Kolwezi kesho yake, mavumbi hadi kwenye kope. Fidélie akaweka rula juu ya mguu. Ngozi ilikuwa imefunga, nyororo na ya waridi.

"Sifuri," akasema, akaandika. "Tata Kyungu, sikujua kama utafika."

"Na bale ba damu?"

"Bado tunangoja vipimo vya bengine. Tukijua, nitakutumia habari, ikiwa muzuri ao mubaya."

Shamba lililobaki lilikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima, na mto ulikuwa mbali. Siku ya kwanza ya kupanda, Rachelle alibeba vipande vya miti ya mihogo ndani ya beseni la zamani. Kyungu alitangulia na jembe begani. Kileleni akageuka, akamngoja mkewe, amesimama kwa miguu yote miwili.